Barua ya wazi kwa viongozi wa jumuiya za Waswahili wa Texas: tupeni gazeti, kisha mliache

Waheshimiwa wenyeviti na makatibu wa jumuiya, wachungaji, mashehe, na akina mama mnaoongoza vikundi vyetu, shikamooni.

Nawaandikia ninyi mnaotuongoza Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi na wengine wote tunaosikilizana kwa Kiswahili katika jimbo hili, kuanzia Houston na Fort Worth hadi Abilene na hapa San Antonio. Ombi langu ni moja, na nalitaja mapema kwa ajili ya asiye na muda wa kusoma hadi chini. Tuanzishe gazeti la Kiswahili la Texas, la karatasi, lenye mhariri wake, na ninyi viongozi msilimiliki. Najua nusu ya pili ya ombi hili haitawapendeza wote. Kwa sababu hiyo nimeandika barua ya wazi. Nusu ya kwanza peke yake ningeimaliza kwa simu moja na katibu.

Hoja zangu nimezichota kwa Wajerumani. Wengi wetu tunapita New Braunfels tukielekea Austin kazini au kwenye harusi, tunaona majina ya Kijerumani kwenye mabango, hatuulizi. Ule ni mji wa wahamiaji kama sisi. Walifika na lugha yao, makanisa yao, kwaya zao na ugomvi wao, na kwa zaidi ya miaka mia moja waliandika karibu kila kitu kwenye magazeti ya Kijerumani yaliyochapwa humu humu Texas.

Hata safari yao ilisukumwa na gazeti. Mwaka 1831 alikuja mtu mmoja aliyejiita Friedrich Ernst, akapewa na serikali ya Mexico, iliyokuwa ikitawala hapa, ekari zaidi ya 4,000 za ardhi katika eneo ambalo leo ni Austin County. Huyo bwana hakuwa malaika. Alikimbia kwao Oldenburg akituhumiwa kula fedha za posta alikokuwa ameajiriwa, na jina alilolitumia huku silo alilozaliwa nalo. Mwaka uliofuata alimwandikia rafiki yake barua ndefu ya kuisifia Texas: ardhi tele, kodi kidogo, mifugo inajilisha yenyewe. Barua ikachapishwa kwenye gazeti la kwao, ikasomwa, watu wakaanza kufunga mizigo. Mnaokumbuka picha tulizokuwa tukitumiwa na ndugu waliotutangulia Marekani, kijana ameegemea gari lisilo lake, mtaielewa barua ile bila kuelezwa.

Baadaye kundi la watu wa tabaka la juu huko Ujerumani likaunda chama cha kuleta wahamiaji kwa maelfu. New Braunfels ulianzishwa Machi 1845 na Fredericksburg Mei 1846. Chama kilikuwa na mipango mikubwa na fedha chache. Watu walikwama pwani karibu na Indianola, magari ya kuwapeleka bara yakawa yamechukuliwa na jeshi kwa vita vya Mexico, na wengi wakafa kwa maradhi wakisubiri. Wenzetu waliokaa kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Nakivale wakingoja faili lao liitwe hawahitaji maelezo zaidi kuhusu kungoja.

Tazameni basi walichofanya walipopata tu pa kuweka kichwa. Novemba 1852, mji wa New Braunfels ukiwa bado haujatimiza miaka minane, ulitoka na gazeti lake la kila wiki, Neu-Braunfelser Zeitung. Mhariri alikuwa Ferdinand Lindheimer, mtaalamu wa mimea aliyezunguka pori hili miaka mingi akikusanya majani na maua ya kuwapelekea wanasayansi, hata dungusi kakati mmoja wa huku ukapewa jina lake. Gazeti alilitolea nyumbani kwake, nyumba ambayo hadi leo imesimama mjini pale juu ya mto Comal. Aliliongoza kwa miaka 20. Inasimuliwa kwamba wakati mmoja watu waliokasirishwa na maandishi yake waliutupa mtambo wake mtoni, akauopoa, maana maji ya Comal ni maangavu hadi chini, na toleo likatoka. Kisa hicho nakichukua kama kilivyo, yaani simulizi. Lisilo simulizi ni kwamba gazeti lilichapishwa kwa Kijerumani hadi mwaka 1957.

Kurasa zake, na za magazeti mengine ya zamani ya Texas, zimepigwa picha na Chuo Kikuu cha North Texas, na yeyote anaweza kuzifungua kwa simu yake. Herufi ni za kale, zenye pembe pembe, zinachosha macho, na safu ni nyembamba zimebanana. Ila huhitaji kujua Kijerumani sana kutambua kilichomo: majina ya watu, bei, matangazo ya maduka, vifo, shughuli za vyama vya kwaya na vya kulenga shabaha. Mambo madogo madogo. Mtu aliyekufa mwaka 1890 akiwa na shamba dogo na watoto sita anaweza kupatikana mle na kitukuu wake leo, kwa dakika chache.

Sasa na sisi. Kitukuu wa Mama fulani wa Abilene atampata wapi?

Semeni ukweli, habari zetu zote ziko WhatsApp. Msiba ukitokea tunafungua kundi, na mtu anaanza orodha ya michango: namba moja fulani dola 50, namba mbili fulani dola 100. Kila anayetoa ananakili orodha nzima, anaongeza jina lake chini, anairudisha. Wawili wakinakili kwa wakati mmoja, namba 23 wanakuwa wawili, na anayefuata akichukua orodha ya mmoja, yule mwingine amefutika. Anajitokeza baada ya saa tatu akilalamika kwamba alichanga. Mweka hazina anasema tulieni nitarekebisha. Mwili unasafirishwa, kundi linabadilishwa jina kuwa la harusi, na baada ya mwaka hakuna ajuaye zilipatikana ngapi, nani alitoa, ndege ililipwa kiasi gani. Ujumbe wa sauti wa dakika saba ambamo mzee alieleza historia nzima ya marehemu, tangu Uvira hadi Dallas, umepotea na simu iliyoanguka kwenye maji.

Niliwahi kuuliza kwenye kundi mojawapo, kwa adabu zote, salio la mchango wa msiba liko wapi. Jibu lilikuwa kuondolewa kundini. Sitaji kundi wala jumuiya, na sidai kwamba kuna aliyekula. Huenda hesabu zilikuwa safi kabisa. Ninachosema ni kwamba hapakuwa na mahali pengine pa kuuliza, kwa kuwa mwenye kundi ndiye mwenye jumuiya, na ndiye mwenye kidole cha kufuta.

Hapo ndipo ninapotaka mtazame yaliyotokea mjini kwetu hapa San Antonio mwaka 1854, kwa sababu ndani yake mna onyo na mna faraja.

Mwaka 1853 Wajerumani wa San Antonio walianzisha gazeti lao kwa kuchangia hisa. Wakamweka mhariri msomi aliyekuwa amefungwa huko kwao kwa siasa za mapinduzi ya 1848, jina lake Adolf Douai. Texas wakati huo ilikuwa nchi ya utumwa, na kulisema vibaya jambo hilo kulikuwa hatari. Mei 1854 Wajerumani walikusanyika San Antonio kwa tamasha la kwaya, na wenye msimamo mkali miongoni mwao wakapitisha maazimio, moja likisema utumwa ni uovu unaopaswa kuondolewa. Douai alichapisha na akaendelea kuandika hivyo wiki baada ya wiki.

Waliomgeuka wa kwanza walikuwa Wajerumani wenzake. Wengi waliogopa, na woga wao ulikuwa na msingi: sisi ni wageni hapa, mbona huyu anatuchongea kwa wenyeji? Wenye maduka wakaondoa matangazo. Wanahisa wakaamua kuliuza gazeti. Douai akalinunua mwenyewe akisaidiwa na marafiki, hasa Frederick Law Olmsted, yule aliyekuja kuwa maarufu kwa kubuni bustani kubwa ya New York, ambaye alikuwa amepita Texas mwaka huo na kumchangishia fedha Kaskazini. Alivumilia vitisho hadi 1856, akashindwa, akaondoka na familia yake.

Mwaka 1868, vita vimekwisha na watumwa wameachiwa huru, Douai akiwa mbali huko Kaskazini, alipokea nakala ya gazeti kutoka San Antonio. Lilikuwa limeandikwa na kupangwa herufi na Waafrika waliokuwa watumwa. Walimweleza kwamba linachapwa kwa mtambo ule ule aliotumia yeye kuwatetea, na kwamba hawajamsahau. Kila nikifika mahali hapo katika historia hii nasimama kidogo. Watu weusi wa mji huu walikuwa na gazeti lao karibu miaka 160 iliyopita, kwa mtambo wa mhamiaji aliyefukuzwa na wahamiaji wenzake. Sisi, wenye kompyuta kila nyumba, hatuna hata karatasi moja.

Gazeti lililo mikononi mwa wakubwa wa jumuiya litakufa siku ya kwanza litakaposema jambo ambalo wakubwa hawalitaki. Ndiyo maana nikasema msilimiliki. Wala si Wajerumani wa Texas peke yao. Kwetu Tanga, serikali ya kikoloni ya Wajerumani ilikuwa na gazeti la Kiswahili, Kiongozi, tangu mwaka 1904 hivi. Walimu na makarani walilitumia vizuri, wakatuma habari kutoka kila wilaya, na wanahistoria hadi leo wanalifungua kwa shukrani. Lakini huwezi kutafuta ndani yake mkoloni akihojiwa na aliyemtawala. Mwenye mtambo alikuwa mwenye bunduki.

Kuna mtakaosema: gazeti litatuletea macho ya serikali, na nyakati hizi si za kujionyesha. Hoja hii naiheshimu kuliko nyingine zote. Wajerumani yaliwakuta. Marekani ilipoingia Vita vya Kwanza vya Dunia, sheria ya Oktoba 1917 iliyatwisha magazeti ya lugha za kigeni mzigo wa kupeleka kwa mkuu wa posta wa mahali pao tafsiri ya Kiingereza, yenye kiapo, ya kila walichoandika kuhusu serikali au vita, isipokuwa wapewe kibali maalumu. Fikirini gazeti la mtu mmoja na msaidizi wake, kila wiki, likifanya kazi mara mbili. Kijerumani kikaondolewa mashuleni. Kabla ya vita kulikuwa na magazeti na majarida ya Kijerumani zaidi ya 500 Marekani nzima. Mwaka 1920 yalikuwa chini ya 300.

Kwa hiyo hatari ipo, na mhariri wetu atapaswa kuijua sheria. Jina la mtu ambaye kesi yake ya hifadhi haijaamuliwa lisichapwe, wala picha yake, wala mtaa anaoishi. Hilo liwe sharti lisilojadiliwa. Ila msidhani WhatsApp inaficha. Picha za sherehe zetu zote, zenye nyuso na sare za vitenge, ziko Facebook hadharani, tumezipandisha wenyewe.

Tena, vita havikuyaua yote. Freie Presse für Texas la hapa San Antonio lilianzishwa mwaka 1865 na August Siemering, mwalimu aliyeupinga utumwa, likaendelea hadi 1945. Mwaka huo huo wa 1865, kampuni yake Siemering ilitoa pia gazeti la Kiingereza, San Antonio Express, na gazeti kubwa la mji huu tunalolisoma leo ni kizazi cha lile. Mhamiaji hakungoja mwenyeji amwandikie habari zake. Alimwandikia mwenyeji habari za mji mzima.

Mwingine ninayempenda ni William Trenckmann, mzaliwa wa Texas wa wazazi Wajerumani. Alianzisha Das Wochenblatt huko Bellville mwaka 1891, akalihamishia Austin mwaka 1909, na akakaa nalo zaidi ya miaka 40. Mle aliandika siasa, alichapisha riwaya yake sehemu kwa sehemu juu ya maisha ya Wajerumani wa vijijini, na uzeeni akachapisha maisha yake mwenyewe kwa mtindo huo huo. Tunao watu wa namna hiyo. Nawajua wazee wawili watatu hapa mjini ambao wakianza kusimulia Bukavu ya zamani, vijana wanaacha simu. Hawana pa kuandika.

Nipite kidogo Giddings, mashariki ya Austin, kwa ajili ya ndugu zangu Wakongo. Pale walihamia Wawendi, taifa dogo la Kislavoni kutoka ndani ya Ujerumani, waliofika mwaka 1854 na mchungaji wao Johann Kilian wakajenga kanisa Serbin. Lugha yao ilikuwa ya kwao peke yao, Kijerumani kikawa lugha ya kuwakutanisha na majirani. Gazeti la mji, Giddings Deutsches Volksblatt, lililodumu kuanzia 1899 hadi 1949, lilikuwa la Kijerumani, lakini mara moja moja lilichapa maandishi ya Kiwendi. Kwa hiyo Mbembe na Mfulero wasiogope kwamba gazeti la Kiswahili litawameza. Tutenge safu ya Kibembe, ya Kifulero, ya Kirundi, na anayejua kuandika alete.

Kilichoyamaliza mengi ya magazeti haya ni watoto. Baba alisoma Kijerumani, mtoto alikielewa bila kukisoma, mjukuu akakisikia kanisani tu. Mwishowe Neu-Braunfelser Zeitung likaungana na mwenzake wa Kiingereza. Jina bado lipo, mji ule unasoma Herald-Zeitung, lakini ndani ni Kiingereza kitupu. Sisi tunaelekea huko kwa mwendo wa kasi zaidi, maana watoto wetu wa darasa la tatu tayari wanajibu shikamoo kwa kutikisa kichwa. Napendekeza ukurasa mmoja wa watoto kwa Kiswahili chepesi, na wakipenda waandike wao: mechi za shule, mapishi ya bibi, vitendawili. Watakaodai ukurasa huo uwe wa Kiingereza, mniruhusu nipingane nao mapema.

Kuhusu fedha, tusitishane. Kurasa nane, mara moja kwa mwezi, kwa kuanzia. Wenye maduka ya unga wa muhogo na dagaa wapo, wasusi wapo, wanaotuma makontena Mombasa na Dar es Salaam wapo, mawakili wa uhamiaji wapo, wauza nyumba ndio usiseme. Wote hawa leo wanarusha matangazo kwenye makundi yetu bure na kutujazia simu. Walipe. Tangazo la mmoja lisizidi ukubwa utakaomfanya aweze kuliangusha gazeti akiondoka. Somo la Douai linatosha.

Ninachoomba kwenu ni hiki. Jumuiya zenu zichangie mtaji wa kwanza kama zawadi, isiyo na hisa wala kiti. Wasomaji wenyewe wanunue hisa ndogo ndogo, mtu mmoja kura moja hata akinunua kumi, na wamchague mhariri kwa muda maalumu. Kiongozi wa jumuiya asiwe mhariri wala mjumbe wa bodi hadi atakapotoka madarakani. Kila msiba uliochangiwa hadharani uchapishwe hesabu yake: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki na zilipo. Nakala za kila toleo zipelekwe maktaba ya umma ya kila mji tulipo, na nyingine Chuo Kikuu cha Texas huko Austin, wanakotunza magazeti ya zamani ya jimbo hili.

Usahihishaji nitaufanya bila malipo, jioni, baada ya zamu. Wapo na wengine watatu walioahidi, mmoja alikuwa mpiga chapa huko Lubumbashi.

Jambo hili liwekeni kwenye ajenda ya mkutano wenu mkuu ujao. Mkikubali, tuarifuni tarehe tuje na rasimu ya katiba ya gazeti. Mkikataa, naomba jibu la maandishi lenye sababu na sahihi zenu, kwa kuwa sisi tutaendelea kutafuta mtaji kwingine, na jibu hilo litafaa sana ukurasa wa kwanza wa toleo la kwanza.

Wenu katika ujenzi wa jumuiya,
Msomaji, San Antonio